Anajua mlima unaua, mbona bado anapanda?

Swali: Mdogo wangu ana miaka 31, ni mhasibu Nairobi, hajaoa. Alianza na Ngong na Longonot, akaenda Lenana ya Mlima Kenya, kisha Kilimanjaro mara mbili. Sasa kila Jumamosi yuko Lukenya au Hell's Gate akijifunza kukwea kwa kamba. Anataka Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, na anasema kabla hajafika miaka 40 atapanda Everest bila mtungi wa oksijeni. Tangu yule Mkenya afie Everest mwaka 2024, mama halali. Baba anasema ni wazimu, shangazi anasema kijana anatafuta kifo. Nielezeni, kinachowavuta ni nini hasa? Na sisi wa nyumbani tufanye nini? (Dada mkubwa, Nakuru)

Dada, nianze na neno la shangazi, maana ndilo zito. Mtu anayetaka kufa hahangaiki kununua helmeti, hajifunzi mafundo, hakagui kamba yake shubiri kwa shubiri akitafuta palipochubuka. Wanaodumu katika ukweaji ni watu waangalifu mno. Wengine huchosha kwa uangalifu wao. Wapo wachache ambao neno la shangazi linawahusu, na nitawarudia baadaye ili ujue dalili zao. Kwa maelezo uliyonipa, mdogo wako hayumo.

Neno la baba limepata nguvu kwa sababu ya watu kama Alex Honnold, Mmarekani aliyekwea ukuta wa El Capitan, karibu mita 900, bila kamba yoyote, tarehe 3 Juni 2017. Mwaka uliotangulia ziliripotiwa picha za ubongo wake: alipoonyeshwa picha za kutisha na kuchukiza, amigdala yake, sehemu inayoamsha hofu, haikuchangamka kama ya mkweaji mwingine aliyelinganishwa naye. Watu wakahitimisha kwamba wakweaji wamezaliwa bila hofu. Huyo ni mtu mmoja. Na hata yeye alikuwa ameukariri ukuta ule akiwa na kamba, kila pa kushika na kila pa kukanyaga, kabla ya siku aliyoiacha kamba chini. Wakweaji wengi wanaogopa sawasawa na wewe. Walichojifunza ni kufanya kazi huku wanaogopa.

Jibu linalopendwa zaidi mtandaoni ni adrenalini, kwamba hawa ni walevi wa msisimko. Mwanasaikolojia Mmarekani Marvin Zuckerman alitunga mwaka 1964 kipimo cha kiu hiyo, na baadaye akaigawa sehemu nne: kupenda mambo ya hatari ya mwili, kupenda mambo mapya, kupenda kujiachia kwenye pombe na starehe, na kuchoshwa upesi na mazoea. Wakweaji hupata alama za juu katika mbili za kwanza. Katika ile ya kujiachia wengi wao ni watu wa kawaida tu, na ndiyo maana unaweza kumkuta mhasibu mtulivu, asiyegusa bia, ananing'inia kwenye jabali Jumamosi.

Lakini tusiiweke michezo hii yote kapu moja. Anayeruka na parachuti hofu yake hupanda ndani ya ndege, hufika juu kabisa mlango unapofunguliwa, kisha anaporomoka kwa takriban kilomita 200 kwa saa kwa dakika moja hivi, na raha anaipata palepale. Sasa chukua usiku wa kupanda Lenana. Unaamshwa saa nane usiku kwenye kambi ya Shipton's, mita 4,200. Chai haishuki, kichwa kinagonga, maji yameganda mdomoni mwa chupa, na kwa saa tatu au nne unapiga hatua moja, unapumua mara mbili, unapiga nyingine. Msisimko uko wapi hapo? Hatari nazo hazifanani. Marekani, ajali za parachuti huua chini ya mtu 1 katika kila miruko 100,000. Kwenye jabali la Kjerag, Norway, wanakoruka kutoka mwambani wenyewe na parachuti moja tu, miruko 20,850 ilihesabiwa kati ya 1995 na 2005, wakafa 9, yaani kifo kimoja kwa kila miruko 2,300 hivi. Everest, kwa muda mrefu, imekuwa takriban mtu 1 kati ya 100 wanaopanda kupita kambi kuu.

Matthew Barlow na Tim Woodman wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walifanya jambo la maana: waliwalinganisha warukaji wa parachuti na wakweaji milima badala ya kuwachanganya. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba warukaji kweli hufuata msisimko. Wakweaji walikuwa na haja mbili nyingine, kuzimudu hisia zao na kujiona kwamba wao ndio wanaoyaendesha maisha yao. Wengi walikuwa watu ambao katika maisha ya kawaida, hasa na wale wa karibu, huona shida kusema wanachohisi. Mlimani hofu ni ya wazi, chanzo chake kinaonekana, na kuna la kufanya kwa mikono: kaza fundo, badili pa kushika, shuka. Hofu ya mkopo au ya uchumba unaoyumba haina fundo la kukaza. Na faida yenyewe huja baadaye. Wakiwa juu wanavumilia; wakisharudi nyumbani ndipo wanajisikia wametulia na wana uwezo, hata katika mambo yasiyohusu mlima. Kama umeona mdogo wako anarudi Jumapili usiku amebadilika, mpole, mwenye maneno, basi umeona jambo lenyewe.

Mfano nisioweza kuuacha uko jirani yenu, Nanyuki. Januari 1943, vita vikiendelea, Waitaliano watatu, mateka katika kambi ya Waingereza, walitoroka ili wakapande Mlima Kenya. Walikuwa Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vifaa vya barafu walivitengeneza kwa nyundo na vyuma chakavu vya kambini, kamba zilikuwa za katani iliyotolewa vitandani, na mojawapo ya picha chache za mlima walizokuwa nazo ilichapwa kwenye kopo la nyama. Batian iliwashinda. Wawili wakafika Lenana, wakasimika bendera. Baada ya siku 18 wakarudi kambini kwa hiari yao, wakaadhibiwa kwa kufungiwa peke yao. Pale kambini mtu mwingine ndiye aliyeamua waamke saa ngapi na wale nini. Kwa siku 18 waliamua wenyewe, hata kama uamuzi ulikuwa ni kulala na njaa kwenye barafu. Sisemi ofisi ni kambi ya mateka, ingawa wakati wa kufunga hesabu za mwaka wahasibu wengine watanibishia.

Kuna vichocheo vingine ambavyo nitavipitia haraka. Kazi ngumu inayolingana na uwezo wako humeza mawazo yote, ukasahau hata saa. Mihaly Csikszentmihalyi alilichunguza hilo kwa wakwea miamba tangu miaka ya 1970. Kumbukumbu nayo ni mshawishi mjanja: kutapika na miguu iliyokufa ganzi hufifia ndani ya wiki mbili, mawio ya jua yanabaki. Kuna jina na picha. Na kuna watu walioko mlimani kwa mshahara tu. Wapagazi wa Kilimanjaro, wale wagumu wenye kilo 20 begani, na Washerpa wa Nepal, 16 kati ya wafanyakazi wa milimani wa nchi hiyo wakifa kwa siku moja barafu ilipoporomoka Everest tarehe 18 Aprili 2014, hawahitaji mwanasaikolojia awaeleze kwa nini wako pale. Wana ada za shule za kulipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia kuzungumza na mdogo wako. Kinachompeleka mtu mlimani ndicho kinachoonyesha atakosea wapi. Ajali nyingi za watu wenye ujuzi hutoka palepale penye haja yao.

Anayetafuta kuwa na mamlaka juu ya mambo hukosea kwa kudhani kwamba ujuzi unatawala kila kitu. Mwanasosholojia Stephen Lyng aliandika mwaka 1990 kuhusu watu wa michezo hii kwamba wengi huamini wana kipaji fulani cha kunusurika ambacho wengine hawana; mwenzao akifa, husema alikosea hapa au pale, kwa hiyo yeye asiyekosea yuko salama. Mlima hautambui hilo. Septemba 1970 daktari Mwaustria Gert Judmaier, mkweaji mzuri, alikuwa karibu kabisa na kilele cha Batian. Jiwe alilolishika likang'oka. Alianguka akavunjika mguu, mfupa ukatoka nje. Mwenzake, Oswald Oelz, daktari pia, alishuka kutafuta msaada, na ilichukua zaidi ya wiki moja kumfikisha chini akiwa hai. Rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alianguka nayo akafa. Jiwe bovu, radi, barafu inayoyeyuka saa nne asubuhi na kuachia mawe, hizi ni hatari ambazo ujuzi haukuondolei. Ujuzi unakusaidia tu kukaa kidogo iwezekanavyo chini yake: kuanza mapema, kwenda upesi, kutosimama penye mfereji wa mawe. Mkweaji anayesema "nikikaza vizuri hakuna shida" bado hajaelewa nusu ya kazi.

Anayetafuta kumaliza alichokianza hukosea saa. Hili ndilo linaloua zaidi penye mwinuko mkubwa. Kabla ya kuondoka kila kundi makini huweka saa ya kugeuka, yaani saa ambayo popote mlipo mnarudi. Tarehe 10 Mei 1996 kwenye Everest ilizungumzwa saa nane mchana kuwa ndiyo ya mwisho kabisa. Doug Hansen, mfanyakazi wa posta kutoka Marekani, alikuwa amegeuzwa karibu na kilele mwaka uliotangulia na kiongozi huyohuyo, Rob Hall. Mwaka huo akafika juu yapata saa kumi jioni, Hall akiwa naye. Dhoruba ikawakuta. Wote wawili hawakurudi, na jumla ya waliokufa mlimani kwa dhoruba ile ilikuwa watu 8. Hall hakuwa mzembe. Sifa yake kubwa ilikuwa kuwageuza wateja. Lakini ukishamgeuza mtu mara moja, amerudi kwa pesa alizozikusanya kwa tabu, na kilele anakiona kwa macho, kichwa kisichopata oksijeni hakihesabu vizuri. Waliokufa juu ya mita 8,000 wamekuwa kwa kawaida wale waliofika kileleni wamechelewa, na wengi walikufa wakishuka.

Ndiyo maana uangalie pesa zinatoka wapi. Kibali cha Everest kwa upande wa Nepal kilipandishwa kutoka dola 11,000 hadi 15,000 kuanzia Septemba 2025, na hicho ni kipande tu cha gharama. Aliyekopa, au aliyechangiwa kwa harambee na kuagwa kwa sala na kamera, amebeba mzigo mwingine juu ya begi lake. Kugeuka kwake kunakuwa ni deni na aibu.

Anayetafuta wenzake naye hukosea kwa kufuata. Ian McCammon alichambua zaidi ya ajali 700 za maporomoko ya theluji Marekani, akakuta kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi na watu walizijua. Walipita kwa sababu njia waliizoea, au wengine wamepita, au aliye mbele alionekana anajua. Kwetu hapa lipo kundi la WhatsApp, watu arobaini, basi limelipiwa, tisheti zimechapwa, na mtu mmoja kichwa kinampasuka toka kambi ya Old Moses, Mlima Kenya, lakini hataki kuwa ndiye aliyewaharibia wenzake safari.

Njia ya Marangu, Kilimanjaro, ukiifanya kwa siku tano, inaonyesha kosa hilo kwa tarakimu. Unalala Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo 3,720, kesho yake Kibo 4,720, na usiku huohuo unaelekea kilele cha Uhuru, 5,895. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha kambi. Ratiba ile inavunja kanuni hiyo maradufu, na watu huinunua kwa sababu ni nafuu na wenzao wamefanya. Kuongeza siku moja Horombo huupa mwili muda zaidi wa kuzoea.

Kuhusu Everest bila oksijeni, hapa nakuwa mkali kidogo. Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji mwenye uzoefu, alikufa Mei 2024 karibu kabisa na kilele akijaribu hivyo, na Nawang Sherpa aliyekuwa naye akapotea. Familia yake iliamua mwili ubaki huko ili asiwekwe mtu mwingine hatarini. Sitachambua maamuzi yao ya saa za mwisho. Nitakueleza mwili unakabiliwa na nini.

Usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni milimita 760 za zebaki. Uhuru ni karibu nusu yake. Kilele cha Everest, mita 8,849, ni takriban 253, theluthi moja. Mwaka 2007 madaktari waliotoka kileleni walijitoa damu ya mshipa mkubwa penye mita 8,400 wakaipima: wastani wa kanieneo ya oksijeni ulikuwa chini ya 25, wakati mtu mzima mwenye afya huwa kwenye 90 na kitu. Mgonjwa mwenye kipimo hicho Nakuru angekimbizwa chumba cha mahututi. Reinhold Messner na Peter Habeler walithibitisha tarehe 8 Mei 1978 kwamba inawezekana, lakini ni pembezoni kabisa mwa uwezo wa binadamu, na hewa ikizidi kuwa hafifu siku hiyo kwa sababu ya hali ya anga, uwezo huo huisha. Hadi mwisho wa miaka ya 1990, kati ya waliofika kileleni bila oksijeni karibu 8 katika 100 walikufa wakishuka. Kwa waliotumia mtungi ilikuwa karibu 3. Na tatizo baya zaidi halionekani: kiungo kinachopaswa kuamua "sasa nigeuke" ndicho cha kwanza kukosa oksijeni.

Mtungi wenyewe si uchawi. Wa lita 4 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 unabeba kama lita 1,200 za oksijeni. Ukifungua lita 2 kwa dakika una saa kumi. Ukifungua lita 4, saa tano. Foleni ya watu ikikuchelewesha saa tatu, hesabu imeharibika. Mhasibu ataielewa hesabu hiyo haraka, mpe.

Kwa hiyo zungumza naye, na usianze na "kwa nini". Swali hilo ameulizwa mara nyingi na jibu analo tayari, zuri, la kuwanyamazisha watu. Muulize: mkiwa Batian, saa yenu ya kugeuka ni ngapi, na nani mwenye kauli ya mwisho? Akijibu "saa sita mchana, na yeyote kati yetu akisema turudi tunarudi bila kujadiliana", huyo anafikiri. Akijibu "itategemea", bado hajaiva, kwa kuwa mawingu na mvua ya mawe hufika Mlima Kenya mchana karibu kila siku, na kushuka Batian kwa kamba huchukua saa nyingi.

Muulize anakwenda mwezi gani na upande upi. Uso wa kaskazini wa Batian hukweleka takriban Juni hadi Oktoba, jua likiwa kaskazini na mwamba ukiwa mkavu. Desemba hadi Machi jua liko kusini, kwa hiyo watu huenda kilele jirani cha Nelian kwa uso wa kusini-mashariki. Anayekuambia atapanda kaskazini Januari hajauliza mtu yeyote. Muulize vilevile anafunga nini mwisho wa kamba akiteremka. Jibu ni fundo la kuzuia, kila ncha, kila mara, pamoja na uzi wa prusiki, ule unaojikaza kwenye kamba ukivutwa, kama akiba chini ya kifaa cha kuteremkia. Wakweaji wazoefu kabisa wameteremka wakapitiliza mwisho wa kamba kwa sababu ya fundo lililoachwa siku hiyo moja kwa haraka.

Kisha afya. Kuumwa kichwa pamoja na kichefuchefu juu ya mita 2,500 kuhesabiwe kuwa ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vingine, na hakuna kulala juu zaidi hadi dalili ziishe. Mtu anayeyumba kama amelewa, asiyeweza kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari mnyoofu, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa amekaa tu, anakohoa, baadaye makohozi yenye povu la rangi ya waridi, mapafu yanajaa maji. Wote wawili wanashushwa sasa hivi, usiku huohuo, angalau mita 300 na zaidi ikiwezekana, na mtu wa kuwasindikiza. Dawa husaidia njiani: deksamethasoni miligramu 8 kisha 4 kila baada ya saa sita kwa ubongo, nifedipini ya kuyeyuka polepole miligramu 30 kila saa 12 kwa mapafu, tiba ambayo Oelz yuleyule wa Batian alishiriki kuichunguza miaka ya 1980. Hakuna inayochukua nafasi ya kushuka. Ya kujikinga ni asetazolamidi, Diamox, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aliyewahi kudhurika na dawa za salfa kama Septrin amwone daktari kwanza.

Msikilize pia anavyosimulia siku alizoponea chupuchupu. Wengine husimulia sababu: tulichelewa kuondoka, fundo sikuliangalia, safari ijayo tutafanya hivi. Hao hujifunza. Wengine husimulia ushujaa, na kila simulizi jiwe linazidi kuwa kubwa. Hao waombee, na uwabane.

Dalili za kweli za hatari, zile alizozihisi shangazi, ni hizi: ameanza kwenda peke yake akificha, anapanda kwa pupa baada ya msiba, kuachwa au kufukuzwa kazi, ameacha mazoezi lakini malengo yanapanda, akikosa mlima wiki chache anakuwa mkali na hashikiki, au anatamka kwamba kufa si kitu kwake, anagawa vitu vyake. Ukiona hizo mbili za mwisho kwa pamoja, mlima usiuzungumzie, mpeleke kwa daktari au mshauri.

Mnachoweza kufanya nyumbani kina uzito kuliko mnavyodhani, na kinafanywa kabla hajaondoka. Baba asimwambie "ukienda usirudi hapa". Mtu aliyeondoka kwa ugomvi ana jambo la kuthibitisha, na mwenye jambo la kuthibitisha hageuki. Aambiwe waziwazi, mbele ya wote: ukigeuka mita kumi kabla ya kilele, tutakuchinjia kuku yuleyule. Ajiunge na watu wanaofundisha kwa utaratibu. Mountain Club of Kenya ipo tangu 1949. Everest iacheni kwanza, msibishane nayo. James Kagambi, mwalimu wa milimani, alifika kileleni Mei 2022 akiwa na miaka 62. Kijana wa 31 hana anachokikimbiza.

Mwisho, kila safari akuachie karatasi: njia atakayopita, atalala wapi kila usiku, majina na simu za walio naye, saa ya kugeuka, namba ya bima ya uokoaji, na simu ya lango la KWS, shirika la wanyamapori, alikoingilia. Chini yake aandike saa mbili. Ya kwanza ni anapotarajia kupata mtandao na kukupigia. Ya pili, saa nne baadaye kwa Lenana, kesho yake asubuhi kwa Batian, ndiyo ya wewe kuanza kupiga simu langoni. Simu zake huzima kwa baridi mara kwa mara, kwa hiyo katikati ya saa hizo mbili usimpigie mama.